Nyumba, Hewa na Ubongo: Maneno juu ya Majengo ya Bel-Air

Jina la Bel-Air ni la kifaransa. Maana yake ni hewa nzuri. Katika mji uleule wa Lubumbashi kuna kartie nyingine inayoitwa Hewa Bora, ndiyo maneno yaleyale katika lugha yetu. Waliochagua majina haya walijua jambo ambalo mababu walilijua mbele yao: mtu anayetafuta pahali pa kujenga huuliza kwanza habari za upepo na za maji. Leo tunataka kuuliza kama nyumba zinazojengwa katika Bel-Air, komini ya Kampemba, zinastahili jina lile. Tunauliza hivi kwa sababu imetokea elimu mpya inayosema kwamba nyumba haigusi mapafu na ngozi peke yake, inagusa na ubongo: usingizi, kumbukumbu, hasira, na nguvu ya kujifunza. Elimu hiyo inasifiwa sana, na wasomi wa mji wameanza kuirudia. Inafaa kuipima mbele ya kuipokea, sawa na mtu anayegonga tofali kwa tofali asikilize mlio wake mbele ya kulilipa.

Wanaoieneza huanza mara nyingi na habari za Assisi. Mganga Jonas Salk, Mwamerika aliyetengeneza chanjo ya polio iliyotangazwa mwaka wa 1955, alisimulia kwamba kazi yake ilipokwama alikwenda kukaa Assisi, katika konventi ya Mtakatifu Fransisko, akitembea kati ya nguzo na viwanja vyake, na hapo mawazo yakamfunguka. Baadaye alimwomba mchoraji wa majengo Louis Kahn amjengee nyumba ya uchunguzi huko La Jolla, katika mji wa San Diego, Kalifornia. Nyumba ile ilimalizika mwaka wa 1965, nayo ina uwanja mtupu wa mawe unaotazama bahari. Katika mji huohuo, mwaka wa 2003, wachoraji wa majengo na wachunguzi wa ubongo waliunda chama cha kujifunza mambo haya pamoja.

Sisi watu wa Kanisa tunaipenda habari hii, kwa sababu ambayo hatuhitaji kuieleza, na ndiyo maana tunapaswa kujihadhari nayo. Mtu alitoka katika chumba cha kazi cha chini ya ardhi, huko Pittsburgh, amechoka kwa kazi ndefu. Akapumzika, akalala, akatembea katika jua la Italia. Nani atatuambia kwamba nguzo ndizo zilizomsaidia wala si usingizi? Habari ya namna hii inafaa kufungua mahubiri. Haithibitishi kitu.

Panya nao wanatajwa sana. Mwaka wa 1997 Fred Gage na wenzake, wachunguzi wa nyumba ileile ya Salk, walionyesha kwamba panya wazima waliowekwa katika kizimba kikubwa chenye njia, magurudumu na wenzao wengi, walipata chembe mpya nyingi zaidi katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, kuliko wale waliobaki katika kizimba kitupu. Jambo hili ni kweli na ni kubwa. Lakini wengi wanaolirudia hulieleza vibaya. Wanasema: tazama, nyumba nzuri inaongeza akili. Hawaoni kwamba kitu cha ajabu hapa ni kizimba kitupu. Panya wa porini ana njia, ana mashimo, ana wenzake. Sisi ndio tuliomtia katika sanduku, kisha tukashangaa ubongo wake ulipozaa kidogo. Msomaji akumbuke sanduku hili, tutalirudia.

Kazi ya Roger Ulrich ina uzito wa namna nyingine. Mwaka wa 1984 alitangaza habari za wagonjwa 46 wa lopitali moja ya Pennsylvania, waliopasuliwa kwa ugonjwa wa nyongo. Nusu walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walikaa kwa wastani karibu siku 8, wale wa ukuta karibu siku 9, na hawa waliomba dawa kali za maumivu mara nyingi zaidi. Watu 46 si wengi, na lopitali moja si ulimwengu. Hata hivyo yeye alilinganisha mgonjwa na mgonjwa mwenzake, umri kwa umri, na hiyo ni kazi ya haki.

Juu ya hewa yenyewe, mabishano bado yapo. Wachunguzi wa Harvard walitangaza, mwaka wa 2015, kwamba watu 24 waliofanya kazi katika vyumba vyenye hewa nyingi safi walifaulu sana katika majaribio ya kufikiri kuliko walipofanya kazi katika hewa iliyochoka. Lakini mwaka wa 2018 wengine waliwajaribu mabaharia wa manowari zinazozama, wakawaongezea hewa ile tunayoitoa puani, wala hawakuona akili yao ikipungua. Labda mabaharia wamezoea. Labda kinachodhuru ni kitu kingine kinachokusanyika katika chumba kilichofungwa. Mtu asitumie hesabu moja kama fimbo ya kumpigia mwenzake.

Ushahidi unaotugusa zaidi kuliko yote ni wa masomo moja ya New York. Huko Manhattan, karibu na masomo hayo, gari-moshi lilipita juu ya daraja la chuma. Kalasi za upande mmoja zilitazama reli. Kalasi za upande wa pili zilikuwa na kimya. Mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Arline Bronzaft, alilinganisha watoto wa pande hizi mbili, akatangaza matokeo mwaka wa 1975. Watoto wa upande wa reli walichelewa katika kusoma, na wale wa mwaka wa sita walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Walimu walikuwa wa masomo yaleyale, na vitabu vilevile, na watoto wa kartie ileile. Kisha wenye gari-moshi walitia mpira chini ya reli, na wenye masomo walitia dari ya kunyonya sauti. Bronzaft alirudi kupima, na mwaka wa 1981 akaandika kwamba tofauti ilikuwa imekwisha. Hapa tunaona ugonjwa, tunaona dawa, na tunaona mgonjwa akipona. Wangapi kati yetu wamesema juu ya mtoto wa kalasi fulani kwamba ni mvivu, bila kuuliza kalasi yake inatazama nini?

Sasa turudi Lubumbashi, kwani mji huu umefundishwa habari za nyumba na afya tangu kuzaliwa kwake, na umefundishwa vibaya. Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910; tanuru la shaba lilianza kuyeyusha mwaka wa 1911. Waliopanga mji walitazama upepo wa kusini-mashariki, wakaweka kartie za wazungu upande ambako moshi hauendi. Kambi za wafanyakazi wa kompanyi zilikaa karibu na tanuru. Kisha, yapata mwaka wa 1921, site ya weusi iliyoonekana kuwa karibu mno ilihamishwa, na kati yake na mji ikaachwa nafasi tupu isiyojengwa; hiyo site mpya, Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Walisema mbu wa malaria hutoka kwa mweusi mgonjwa, akaruka mpaka kwa mzungu, na kwamba nafasi ile itamchosha njiani.

Tusiseme kwamba yote yalikuwa uongo. Tangu mwaka wa 1897, kwa kazi ya Ronald Ross, ilijulikana kweli kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Lakini tazama dawa iliyochaguliwa. Mbu huzuiwa kwa kukausha maji yaliyosimama na kwa kutia wavu katika dirisha, na wavu unamkinga kila mtu aliye ndani, mweupe kwa mweusi. Nafasi tupu ilimkinga mmoja peke yake, tena kwa shida, kwa sababu kila villa ilikuwa na mtumishi wake aliyelala ndani ya lupango. Elimu ya kweli iligeuzwa kuwa uzio. Siku hizi huko Gambia wamejaribu tena njia ya wavu: mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba katika nyumba zilizotiwa wavu kwenye milango na madirisha, mbu walipungua zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Malaria ikipanda kichwani huua, na mtoto anayepona anaweza kubaki na kifafa ao na akili iliyopungua. Kwa hiyo, katika inchi yetu, mtu akiuliza namna nyumba inavyogusa ubongo, jibu la kwanza linaanzia kwenye wavu wa dirisha, mbele ya nguzo na viwanja vyote vya Kalifornia.

Na sasa mtumishi yule. Villa za wakati wa ukoloni zilizobaki Bel-Air, kila mtu anaweza kuzitazama akipita. Zimekaa nyuma kidogo ya njia. Paa linatoka inje ya ukuta ili kutia kivuli. Kuna barza ya kupungia upepo. Dari iko juu, madirisha yanatazamana, na chini ya paa mna matundu ya hewa yasiyofungwa hata usiku. Sisi hatuzisifu kwa ajili ya uzee wao. Huko Lima, Peru, wachunguzi walipima hewa ya lopitali nane, na mwaka wa 2007 walionyesha kwamba vyumba vya zamani, vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yote karibu mara 40 kwa saa madirisha yakifunguliwa, na vile vya kisasa mara 17 tu. Walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi tunaujua kwa majina ya watu tuliowazika. Aliyechora villa ya Elisabethville hakuwa na hesabu hizi, lakini alijua kazi yake.

Nyuma ya villa, pale lupango linapokwisha, kuna kibanda kinachoitwa boyeri. Sheria za wakati ule zilimkataza mweusi kulala katika kartie za wazungu, isipokuwa boyi katika lupango la bwana wake. Boyeri ni chumba kimoja, mara chache viwili. Dirisha ni dogo, liko juu, na upande mmoja tu. Hakuna dari, kuna manjanja peke yake, ambayo mwezi wa kumi, mbele ya mvua, huchoma kama sufuria, na mwezi wa saba hudondosha baridi. Villa na boyeri zilijengwa katika lupango moja, na mara nyingi kwa matofali ya mzigo mmoja. Aliyejua kufungua ukuta kwa ajili ya bwana alijua vilevile kuufunga kwa ajili ya boyi. Hapo ndipo tunapokumbuka sanduku la panya.

Mwaka wa 1960 uhuru ulikuja, na mwaka wa 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Nyumba za mbele zilipata wenyewe wapya. Boyeri ilipata nini? Ilipata mpangaji. Leo hakai boyi peke yake. Anakaa baba, mama na watoto wao, pamoja na mbabula, ndoo za maji na kitanda kimoja. Tena malupango yamekatwa: pale palipokuwa na bustani pamejengwa mstari wa vyumba vya kupangisha, ukuta kwa ukuta, kila kimoja na mlango mmoja na dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Hukumu yetu juu ya majengo ya Bel-Air ni hii, na tunaiandika kwa uchungu: tulirithi mifano miwili ya nyumba katika lupango moja, na tulipoanza kujenga wenyewe tuliiga boyeri. Villa tumeiga uso wake tu. Nyumba mpya za wenye fedha zina nguzo nene mbele zisizobeba kitu, vioo vyeusi visivyofunguka, na ukuta wa inje mrefu kupita dirisha. Aliye ndani anawasha umeme saa tano za mchana ili asome barua.

Madhara yake hayako sawa, na hapa inafaa kutenganisha kilicho kikubwa na kilicho kidogo. Kikubwa kuliko vyote ni mbabula. Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi inapoingia, watu huingiza makala yenye moto chumbani, hufunga dirisha, na hulala. Makala yaliyokwisha kuwaka vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu huyaamini. Kumbe yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu pahali pa hewa njema, na ubongo ndio unaolala njaa mbele ya viungo vingine. Anayeamka na kichwa kinachouma na kutapika hudhani ni malaria, ao hudhani ni jirani. Wengine hawaamki. Kisha hutafutwa mchawi, na katekista huitwa kupatanisha ukoo uliogawanyika juu ya kifo ambacho tundu chini ya paa lingekizuia.

Kisha vumbi. Mwaka wa 2009 mganga Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na mashimo na viwanda vya madini katika Katanga wana kobalti katika mkojo wao kwa kiasi ambacho hakijaandikwa popote kwa raia wa kawaida. Vumbi haliingii mwilini kwa mapafu tu. Mtoto anayetambaa hulila kwa mikono yake. Sakafu ya simenti laini, inayofutwa kwa kitambaa cha maji pahali pa kufagiliwa kavu, ni jambo la afya wala si la fahari. Wanaokwangua rangi za villa za zamani wajue pia kwamba rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya haraka: wakwangue ukuta uliolowa, na watoto wasiwe karibu.

Makelele, nayo tuyaseme kwa kifupi, kwa sababu hatuna mikono mitupu. Umeme unapokatika, mashini huwashwa dirishani pa jirani. Baa hupiga muziki mpaka usiku wa manane. Na vipaza-sauti vya nyumba za sala, zetu na za wengine, hupokea zamu pale baa inapochoka. Ikiwa masomo ya New York yanatufundisha kitu, basi mtoto wa Bel-Air aliyelala saa nne kwa usiku hatasoma vizuri asubuhi, hata kama aliyemzuia kulala alikuwa anamwimbia Mungu.

Tunajua maneno ya kujibu. Mwenye lupango atasema: dirisha kubwa ni mlango wa mwizi. Ni kweli, Lubumbashi ina wezi, na vyuma vya antivoli vina sababu yake. Lakini chuma hakizuii hewa. Kinachozuia hewa ni kioo kisichofunguka na ukuta usiotobolewa. Matofali yenye matundu, yale mafundi wanayoyaita klostra, yakipangwa chini ya paa pande mbili zinazotazamana, na wavu wa mbu nyuma yake, hayapitishi mwizi. Atasema tena: wapangaji ni maskini, hawawezi kulipa zaidi. Neno hili ni zito kuliko la wezi, na hatutalijibu kwa hasira. Lakini tumeona nyumba ambazo mwenyewe alipunguza madirisha ya nyuma na kuongeza nguzo za mbele katika mwezi uleule. Fundi yeyote wa Bel-Air akiulizwa bei ya nguzo mbili za urembo na bei ya madirisha mawili yenye wavu, atazitaja zote bila kufikiri sana.

Na sisi wenyewe ni wajengaji. Paroko hujenga kalasi, hujenga nyumba ya masista, hukubali ramani iliyoletwa na mfadhili wa mbali asiyejua jua letu linapita wapi. Katika kalasi nyingi za misioni za zamani madirisha yako pande mbili, na watoto hupokea mwanga kutoka mkono wa kushoto. Katika kalasi mpya tulizoziona, upande mmoja umefungwa kabisa ili ukuta upokee chumba kingine nyuma yake, na watoto hamsini hupumua hewa ya watoto hamsini. Mbele ya kutia sahihi ramani ya namna ile, paroko akae saa moja mchana katika chumba kinachofanana nacho, mlango umefungwa.

Makatekista wanaokaa katika kartie wanaweza kutusaidia kwa jambo ambalo hakuna mchunguzi wa Kalifornia anayeweza kulifanya. Wahesabu, katika lupango lao na malupango mawili ya jirani, vyumba vyenye dirisha moja, watu wanaolala katika kila chumba, na pahali mbabula inapokaa usiku. Watuletee hesabu hiyo mbele ya mwezi wa sita, baridi haijaanza.